Dar es Salaam hadi Tunduma kwa Mazda Roadster: dalili, vyanzo na utatuzi

Barabara kuu ya TANZAM, inayotoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya hadi mpakani Tunduma, ina urefu wa zaidi ya kilomita 900, na sehemu yake kubwa ni lami ambayo gari dogo la kimichezo linaweza kuipita bila taabu. Hata hivyo wenye Mazda Roadster, lile gari la viti viwili na paa la kitambaa ambalo Ulaya huitwa MX-5 na Marekani huitwa Miata, mara nyingi hujikuta wameegesha pembeni mwa barabara wakitafuta ubovu mahali usipokuwepo. Sababu ni kwamba katika safari ndefu ya aina hii dalili hujitokeza mbali na chanzo chake. Plastiki iliyong'olewa na tuta la Chalinze huja kuichemsha injini kwenye mlima Kitonga, na upepo uliozidishwa kwenye matairi mjini Morogoro huonekana kama ubovu wa stelingi gari linapofika mahali ambapo malori yameibonyeza lami. Kwa hiyo kwa kila dalili iliyotajwa hapa swali la kwanza ni lile lile: imeanza lini, kwa mwendo gani, na baada ya gari kupita wapi? Spana hutolewa baada ya swali hilo kujibiwa.

Msomaji anapaswa pia kujua toleo la gari lake, kwa kuwa majibu hutofautiana. Toleo la NA lilitengenezwa kuanzia 1989 hadi 1997, na lile lililotoka Japani katika miaka hiyo huwa na jina la Eunos Roadster. NB lilifuata kuanzia 1998 hadi 2005, NC hadi 2015, na ND kuanzia mwaka huo. NA na NB zina mkanda wa taiming wa mpira unaopaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000, wakati NC na ND zina cheni. Mafundi wa Japani wana desturi nzuri ya kubandika karatasi ndogo chini ya boneti yenye tarehe na kilomita za gari siku mkanda ulipobadilishwa. Kama karatasi hiyo haipo, hesabu kwamba mkanda haujawahi kuguswa na uubadilishe kabla ya kuondoka, kwa sababu mkanda ukikatika kati ya Mikumi na Ruaha Mbuyuni hakuna utatuzi wa kando ya barabara utakaousaidia.

Gari linakwaruza chini

Uwazi kati ya tumbo la Roadster na barabara ni sentimita 14 hivi, au pungufu, kabla ya mtu yeyote kupanda. Watu wazima wawili pamoja na mizigo hufikisha kilo 200 kwa urahisi, na kwa gari lenye uzito wa takriban tani moja huo ni mzigo unaoonekana kwa macho: matairi ya nyuma huingia ndani ya matao na pua huinuka kidogo. Matuta ya TANZAM yapo ya kila umbo, kuanzia yale mapana yenye alama hadi yale membamba na marefu yaliyofifia rangi mbele ya shule au soko, na ndani ya Hifadhi ya Mikumi yamewekwa ili kulinda wanyama.

Sikiliza mlio unatokea wapi. Mkwaruzo wa mbele kabisa, unaosikika kabla ya magurudumu ya mbele kupanda tuta, unatokana na bampa na kwa kawaida huacha michubuko ya rangi tu. Mkwaruzo wa katikati, unaosikika magurudumu ya mbele yakiwa yameshavuka, unatokana na bomba la eksosi au reli za chasisi, na unahitaji uangalizi zaidi kwa kuwa hanga za mpira zinazoshikilia bomba huweza kuchomoka na bomba likaanza kugonga sakafu kila gari linapokanyaga shimo. Mlio wa tatu si mkwaruzo bali ni kishindo kizito kutoka nyuma, na unamaanisha kwamba springi zimebanwa hadi mwisho. Katika NA na NB za umri huu vile vizuizi vya mpira vilivyo ndani ya springi huwa vimekwisha kusagika na kuwa unga, kwa hiyo chuma hugonga chuma. Kubadilisha shokomzoba bila kubadilisha vizuizi hivyo ni kutupa fedha.

Utatuzi wa njiani ni kupunguza mzigo wa nyuma, kuusogeza mbele kadiri inavyowezekana, na kulivuka tuta kwa mshazari ili gurudumu moja moja lipande, pale tu ambapo hakuna gari linalokuja wala lori lililo karibu nyuma yako. Usifunge breki ukiwa juu ya tuta, kwa kuwa breki huinamisha pua. Punguza mwendo mapema, kisha achia pedeli na gari lijiinue kabla ya kupanda.

Baada ya mkwaruzo wowote wa mbele uliokuwa mkali, simama kwenye kituo cha mafuta kinachofuata na uchungulie chini. Tafuta mambo mawili: tone la oili kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, na kile kipande kipana cha plastiki nyeusi kinachofunika chini ya pua ya gari mpaka karibu na rejeta. Wengi wakikikuta kinaning'inia hukikata na kukitupa, wakidhani ni pambo. Hapo ndipo tatizo linalofuata linapoanza.

Injini inachemsha

Plastiki hiyo ndiyo inayoulazimisha upepo unaoingia mdomoni mwa gari upite katikati ya rejeta. Ikiondolewa, upepo hutafuta njia rahisi na kuteremkia chini ya injini, na rejeta hubaki na hewa kidogo hata gari likiwa katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Dereva haoni kitu kutoka Chalinze hadi Mikumi, kwa kuwa njia ni tambarare kwa sehemu kubwa na injini haifanyi kazi nzito. Kisha huja joto la bonde la Ruaha Mbuyuni, penye mibuyu na wauza vitunguu, na mara baada yake Kitonga, ambapo barabara inapanda kwa kona kali mfululizo kuelekea uwanda wa Iringa ulio kwenye takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Mshale wa joto unapanda, na lawama inaiangukia gasketi ya silinda hedi.

Kabla ya kuilaumu gasketi, tenganisha aina tatu za kuchemsha.

Aina ya kwanza ni ile inayotokea gari likienda polepole au likisimama, na kupungua mwendo unapoongezeka. Chanzo chake ni feni. Kwenye Kitonga hali hii hutokea sana kwa sababu gari hupanda nyuma ya lori lililobeba shehena ya Zambia au Kongo kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, na hakuna upepo wa mwendo wa kuisaidia rejeta. NA na NB zenye kiyoyozi zina feni mbili, na kiyoyozi kikiwashwa zote mbili zinapaswa kuzunguka. Hicho ni kipimo kisicho na gharama: egesha mahali salama, washa kiyoyozi injini ikiwa inanguruma, fungua boneti na uangalie. Feni isiyozunguka mara nyingi ina fyuzi iliyoungua, rilei iliyokufa au soketi iliyolegea kwa mtikisiko wa njia.

Aina ya pili ni kinyume chake: gari ni zuri mjini na kwenye foleni, lakini joto linapanda kila mwendo unapodumu juu ya kilomita 90 au mlima unapokuwa mrefu. Hapa ndipo ile plastiki inapohusika. Kama imebaki, chunguza mapezi ya rejeta kama yameziba kwa wadudu, udongo na majani makavu, kisha fikiria rejeta iliyoziba kwa ndani kutokana na kuongezewa maji ya bomba mwaka baada ya mwaka. Plastiki iliyopotea inaweza kushonewa nyingine kwa karatasi ngumu ya plastiki au bati jembamba la alumini, likakatwa na kufungwa kwa vibanio. Fundi wa bodi mwenye mkasi mzuri huimaliza kazi hiyo kwa muda mfupi, na matokeo yake huonekana siku hiyo hiyo.

Aina ya tatu ni gari linalopoteza maji hata pale ambapo mshale haujapanda. Rejeta za NA na NB zina tangi la juu la plastiki ambalo likiwa jipya ni jeusi, na kadiri linavyozeeka hugeuka kuwa la kahawia. Washa tochi na uangalie mshono kati ya plastiki na alumini. Chumvi nyeupe au ya kijani iliyokauka kwenye mshono huo, hata ikiwa nyembamba kama uzi, inakuambia kwamba tangi limeanza kupasuka na kwamba litaachia siku litakapobanwa na mvuke mwingi zaidi. Rejeta yenye rangi ya kahawia isisafirishwe Tunduma hata kama bado haivuji. Sehemu nyingine ya kuchunguza ni mipira ya hita iliyo nyuma ya injini karibu na ukuta wa kabini, ambayo husahaulika kwa sababu haionekani kirahisi, na kifuniko cha rejeta chenyewe. Kifuniko kilicholegea ni kosa dogo katika usawa wa bahari lakini ni kubwa nyanda za juu, kwa kuwa kwenye mita 1,800 maji yasiyo na mgandamizo huchemka kwenye nyuzi 94 hivi.

Gasketi ya silinda hedi hushukiwa baada ya hayo yote, pale maji yanapopungua huku moshi mweupe wenye harufu tamu ukitoka kwenye eksosi injini ikiwa ya moto, au oili inapogeuka kuwa kama maziwa ya chai chini ya kifuniko chake. Hapo gari lipakiwe kwenye lori la kubebea magari. Kuliendesha "taratibu mpaka mjini" ndiko kunakopinda silinda hedi.

Mshale ukianza kupanda katikati ya Kitonga, zima kiyoyozi, fungua hita hadi mwisho pamoja na feni yake, na uendelee kwa gia ndogo isiyoilemea injini hadi mahali penye nafasi ya kuegesha. Kusimama ndani ya kona ni hatari kuliko dakika mbili zaidi za joto. Lakini mshale ukigusa alama nyekundu zima injini popote ulipo, washa taa za tahadhari na uweke pembetatu mbali nyuma ya gari, kabla ya kona, ili mwenye lori akuone mapema. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe mpaka mpira wake wa juu uweze kubinywa kwa mkono bila kuhisi mgandamizo, na maji baridi yasimwagwe katika injini iliyokauka ikiwa bado ya moto.

Usukani unatetemeka, au gari linatangatanga

Hizi ni dalili mbili ambazo watu huzichanganya. Mtetemo unaoanza karibu na kilomita 90 kwa saa na kupungua ukipita 110, ukiusikia mikononi, unatokana na magurudumu ya mbele kutokuwa na balansi. Ukiusikia kwenye kiti, tafuta nyuma. Roadster za awali zina hisia kali mno kuhusu jambo hili, kiasi kwamba kipande kimoja cha risasi ya balansi kikidondoka kwenye rimu dereva anatambua. Kama mtetemo umeanza baada ya gari kupita kwenye matengenezo ya barabara yenye tope, angalia ndani ya rimu kabla ya kulipia balansi: tope lililokauka upande mmoja linatosha kuleta mtetemo huo, na maji ya ndoo moja yanaumaliza. Mtetemo unaokuja wakati wa kufunga breki pekee ni wa diski. Ule unaoanza ghafla baada ya shimo na kubaki katika kila mwendo unaashiria rimu iliyopinda au tairi lenye uvimbe ubavuni, na tairi lenye uvimbe halifai kuendelea na safari.

Gari linalotangatanga ni jambo jingine. Kwenye vipande vingi vya TANZAM malori mazito yameibonyeza lami ikawa na mabonde mawili marefu, na katikati yake tuta refu linalofuatana na barabara. Upana kati ya magurudumu ya Roadster ni mdogo kuliko ule wa lori, kwa hiyo gari haliwezi kukaa katika mabonde yote mawili kwa pamoja. Hukalia ukingo mmoja, likateleza kurudi ndani, na dereva akadhani bol joint zimekwisha. Endesha ukiwa na magurudumu juu ya sehemu zilizoinuka pale nafasi inaporuhusu, shika usukani kwa wepesi, na usihame upande kwa ghafla hasa mvua inaponyesha, kwa kuwa mabonde hayo hugeuka kuwa mifereji ya maji.

Chanzo kinachozidisha hali hiyo ni upepo wa matairi. NA na NB zimepangiwa psi 26 na ND psi 29 matairi yakiwa ya baridi, viwango ambavyo fundi pancha aliyezoea Noah na Hiace huviona kama tairi lililoishiwa. Ukimwambia "jaza upepo" bila kumtajia namba atakupa 35 au 40 kwa nia njema kabisa, na kuanzia hapo gari litaruka juu ya kila ufa wa lami na usukani utakuwa mwepesi kama umefunguliwa. Mtajie namba, kisha pima mwenyewe kwa kipimo chako asubuhi kabla ya kuondoka. Kama upepo ni sahihi na gari bado linavuta upande mmoja hata kwenye lami nzuri, ndipo alaimenti inapofaa.

Pancha inahitaji maandalizi ya kabla ya safari kuliko utatuzi. NA na NB hubeba gurudumu jembamba la dharura ambalo lisizidishwe mwendo wa kilomita 80 kwa saa. NC na ND kwa kawaida hazina gurudumu la akiba, zina chupa ya gundi na pampu ndogo tu. Gundi hiyo ina tarehe ya mwisho wa matumizi, na katika gari lililokaa miaka Japani kabla ya kupanda meli chupa huwa imeganda tangu zamani. Ikiwa tairi lililotoboka ni la nyuma, hamishia gurudumu zima la mbele nyuma na uweke lile jembamba mbele, ili difu, ile gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu mawili ya nyuma, isilazimishwe kuzungusha magurudumu ya vipimo tofauti. Kumbuka pia kwamba gurudumu kubwa lililotolewa haliingii katika nafasi ya lile jembamba, na buti nalo ni dogo, kwa hiyo mtu atalipakata. Vipimo kama 195/50R16 ni vigumu kupatikana hata Dar es Salaam. Usitegemee kuvikuta Makambako, na kama matairi yanakaribia kuisha yabadilishe kabla ya safari.

Injini imepungua nguvu

Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda. Eunos Roadster ya lita 1.6 iliyoondoka pwani na nguvu za farasi 120 huwa na chini kidogo ya 100 ikifika Mafinga, iliyo karibu mita 1,900, na hakuna fundi anayeweza kuzirudisha. Upungufu huo huja taratibu, hauna mtikisiko wala taa ya onyo, na hutoweka gari linaporudi bondeni. Unachopaswa kubadilisha ni makadirio yako ya kuyapita malori: nafasi iliyotosha Mikese haitoshi Mafinga, na gia ya tatu ndiyo inayofaa pale ulipozoea ya nne.

Ikiwa injini inadunda, inasitasita au inavuta kwa mikupuo unapokanyaga mafuta mlimani, hiyo ni misi na kimo hakihusiki. Katika NA na NB waya za plagi ndizo za kwanza kushukiwa. Huvujisha umeme injini ikilemewa ingawa ikiwa imesimama inanguruma vizuri. Egesha mahali penye giza, fungua boneti na uangalie cheche ndogo za bluu kando ya waya. NC na ND zina koili kwa kila silinda, na kifaa kidogo cha kusoma kompyuta ya gari kwa simu kitakutajia silinda yenye tatizo. Taa ya injini ikiwaka mfululizo unaweza kuendelea kwa uangalifu hadi mjini. Ikiwa inamemeta, punguza mzigo wa injini mara moja na usimame, kwa kuwa petroli isiyoungua inaingia kwenye eksosi na kuiunguza katalisti, yaani kisafisha moshi kilicho ndani ya eksosi.

Baada ya barabara za mchepuko zenye vumbi, kagua pia filta ya hewa. Gari hili huvuta hewa likiwa chini, katikati ya vumbi la gari lililo mbele.

Gia hazitaki kuingia

Dalili hii hutokea zaidi kwenye foleni za mizani, kwa mfano Vigwaza au Mikese, ambako gari dogo halipimwi lakini linakwama pamoja na malori yanayosubiri zamu. Pedeli ya klachi inakuwa laini, inazama, na gia ya kwanza inakataa au inaingia kwa kusaga. Katika NA na NB chanzo karibu kila mara ni silinda ndogo ya chini ya klachi iliyo pembeni mwa giaboksi, ambayo mpira wake hulika na kuvujisha mafuta ya breki. Angalia kikopo cha mafuta ya klachi. Kama kimepungua na kuna unyevu kwenye mpira wa silinda hiyo, jibu umelipata. Jaza mafuta ya DOT 4, pampu pedeli mara kadhaa mpaka irudishe ugumu, na uendelee ukipunguza idadi ya kubadilisha gia. Silinda mpya ni bei ndogo na hufungwa na fundi yeyote anayeweza kutoa upepo kwenye breki, kwa hiyo ni busara kusafiri nayo buti.

Joto kali na kelele zinazopanda kutoka kwenye kirungu cha gia ni jambo tofauti: mpira wa ndani chini ya ngozi umepasuka. Unachosha, lakini hauzuii safari.

Umeme na maji

Betri ya NA na NB iko ndani ya buti, na kwa sababu hiyo kiwanda kiliweka betri iliyofungwa kabisa yenye mirija ya kutolea gesi nje. Magari mengi yaliyopo nchini yamekwisha kuwekewa betri ya kawaida bila mirija hiyo. Harufu ya yai bovu ndani ya buti, au rangi iliyoumuka na kutu chini ya betri, inakuonya kwamba gesi na mvuke wa asidi vinabaki humo pamoja na mabegi yako. Pima voti injini ikiwa inanguruma: kati ya 13.5 na 14.5 alteneta ni nzima. Ikizidi 15 inaichemsha betri na lazima ishughulikiwe kabla ya kuendelea. Kuhusu redio iliyonyamaza njia nzima, usihangaike na waya. Redio za Japani za miaka hiyo hushika FM kuanzia 76 hadi 90 tu, na vituo vyetu vingi viko juu ya hapo.

Zulia lililoloa nyuma ya viti baada ya mvua ya Mufindi haliashirii paa bovu moja kwa moja. Maji yanayotoka kwenye kitambaa huteremkia katika mirija miwili iliyo nyuma ya viti na kutokea chini ya gari, na mirija hiyo huziba kwa majani na vumbi lililogeuka tope. Isukume taratibu kwa kibanio kirefu cha plastiki. Waya mkali huitoboa, na maji yakaingia kwenye kingo za bodi ambako kutu ya gari hili huanzia.

Pedeli ya breki imebadilika

Tatizo hili huwapata zaidi wanaorudi, kwa kuwa Kitonga ya kushuka ndiyo inayopima breki. Dereva anashuka nyuma ya lori linalokwenda kwa gia ndogo, anakanyaga breki kidogo kidogo kwa muda mrefu, na akifika kona za chini anakuta pedeli si ile aliyoizoea. Kama pedeli imelainika na kuzama lakini inarudi kuwa ya kawaida baada ya kupoa, mafuta ya breki yamechemka. Yamekaa muda mrefu yakinyonya unyevu na kiwango chake cha kuchemka kimeshuka. Kama pedeli ni ngumu ile ile lakini gari halisimami, pamoja na harufu ya kuungua, pedi zimepata joto kupita kiasi na uso wake umekuwa kama kioo. Hali ya kwanza huondolewa kwa kumwaga mafuta yote na kuweka mapya, na ya pili kwa pedi bora na kwa kushuka katika gia ya pili, ukikanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi na kuziachia zipoe.

Gari la tani moja halipaswi kufika hapo kwenye mteremko mmoja, kwa hiyo likifika, kagua kama moja ya kalipa, yaani vile vifaa vinavyobana pedi kwenye diski, imeganda. Simama baada ya kipande kirefu ambacho hukukanyaga breki na usogeze kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa: gurudumu lenye joto kuliko mengine matatu ndilo lenye kalipa iliyoshika. Kipimo hiki kifanyike Iringa au Ilula, kabla ya mteremko, kwa sababu gereji na vipuri viko juu, na chini ya mlima utakaribishwa na wauza vitunguu tu.